Printa ya wino ikiziba: Jinsi ya kuizibua nyumbani kabla ya kuitupa

SIKU moja kabla ya mazishi, jamaa za marehemu hufika katika duka la huduma za tarakilishi mjini Keroka wakiwa na picha na wasifu ulioandikwa kwa mkono. Wanataka nakala za ratiba zenye picha ya rangi, nao wanazihitaji kabla ya jua kutua.

Printa inawashwa, karatasi inaingia na kutoka. Uso wa marehemu umegeuka kijani, na mistari myeupe imeukata kutoka sikio hadi sikio. Mwenye duka anarudia mara ya pili na ya tatu, na kila karatasi ni mbaya kuliko iliyotangulia.

Hali kama hii si ngeni kwa wenye maduka, walimu na familia zinazomiliki printa ndogo za wino katika kaunti za Kisii na Nyamira. Fundi akiitwa huenda akatangaza kwamba kichwa cha printa kimekufa. Kwa kuwa bei ya kichwa kipya cha printa ndogo aghalabu hukaribia ile ya printa nzima, mashine huwekwa juu ya kabati ikingoja siku ya kutupwa.

Hata hivyo, kichwa kilichoziba na kichwa kilichokufa ni vitu viwili tofauti. Kilichoziba huweza kuzibuliwa nyumbani kwa maji safi, karatasi laini na subira, maadamu mwenye printa anajua aina ya mashine yake na mahali pa kukomea.

Chombo cha riziki

Katika eneo la Gusii, printa si pambo la ofisi. Huduma nyingi za serikali zilihamia mtandaoni baada ya mfumo wa eCitizen kuanzishwa mwaka wa 2014 na kupanuliwa mwaka wa 2023. Mwananchi asiye na tarakilishi nyumbani hutegemea duka la jirani, liwe Suneka, Ogembo, Kebirigo au Nyansiongo, kujaza fomu na kupata nakala yake.

Shule nazo hupakua nyenzo za tathmini kutoka kwa tovuti ya Baraza la Mitihani la Kitaifa (Knec) na kuzichapisha zenyewe. Wazazi wenye watoto katika mtaala wa umilisi huagizwa picha za rangi kwa ajili ya kazi za nyumbani, na barua za wanafunzi wanaojiunga na shule za sekondari hupakuliwa kutoka mtandaoni.

Kalenda ya shule yenyewe huchangia tatizo. Walimu wanapofunga shule kwa likizo ya Krismasi, printa ya ofisi hukaa kwa majuma mengi bila kuguswa. Januari, ambayo huwa na mvua haba kuliko miezi iliyotangulia, huwadia wazazi wakiwa wamepanga foleni, na hapo ndipo inapogunduliwa kwamba wino umekauka.

Jinsi wino unavyofika kwenye karatasi

Ili kuelewa namna ya kuzibua, ni vyema kwanza kufahamu kinachoziba. Kichwa cha printa ni kipande kidogo chenye safu za vitundu visivyoonekana kwa urahisi, kila kimoja kikiwa chembamba kuliko unywele wa binadamu. Epson L3110, mathalan, ina vitundu 180 vya wino mweusi na vitundu 59 kwa kila mojawapo ya rangi nyingine tatu.

Tone linaloruka kutoka kwa kitundu kimoja hupimwa kwa pikolita, yaani lita moja iliyogawanywa mara trilioni moja. Kwa kipimo kama hicho, punje ya vumbi ni sawa na jiwe kubwa lililoangushwa mlangoni.

Zipo njia mbili kuu za kurusha tone hilo. Ya kwanza hutumia joto. Kipingamkondo kidogo huchemsha wino kwa muda mfupi mno, kiputo cha mvuke hutokea, nacho husukuma tone nje. Njia hii ilianza kufanyiwa utafiti katika kampuni ya Canon nchini Japani mwaka wa 1977, baada ya chuma cha kulehemu chenye moto kugusa sindano ya bomba lililokuwa na wino, na wino ukaruka. HP nayo iliifikia kwa njia yake, na ikatoa printa ya ThinkJet mwaka wa 1984.

Njia ya pili, inayotumiwa na Epson, haina moto. Kibamba kidogo hujikunja kinapopitishiwa umeme na kuukamua wino utoke, mfano wa kidole kinachobonyeza chupa laini.

Tofauti hii ina maana kubwa nyumbani. Katika printa nyingi za bei nafuu za HP DeskJet na Canon PIXMA, kichwa kimeunganishwa na katriji yenyewe, kwa hivyo katriji mpya huja na kichwa kipya. Katika printa za Epson za matangi, kichwa kimefungwa ndani ya mashine na hakikusudiwi kutolewa na mtumiaji.

Printa hizo za matangi, ambazo Epson ilianza kuziuza nchini Indonesia mwaka wa 2010, zimependwa sana na wenye maduka kwa sababu chupa moja ya wino huchapisha maelfu ya kurasa. Kinachosahaulika ni kwamba kichwa chake kikiharibika, hakuna katriji ya kubadilisha.

Chanzo cha kuziba

Sehemu kubwa ya wino huu ni maji, yakiwa yamechanganywa na rangi pamoja na kemikali za kuchelewesha ukaukaji. Maji yakitoroka kupitia vitundu, hubaki utomvu mzito, na baadaye ukoko.

Watengenezaji walilitambua hilo, ndiyo sababu kila printa ina kituo cha kupumzikia upande mmoja wa mashine. Kazi ikiisha, kichwa hurudi hapo na kufunikwa na kifuniko cha mpira kisichopitisha hewa kwa urahisi.

Kichwa hufunikwa tu ikiwa printa imepewa nafasi ya kukifikisha pale. Umeme ukipotea katikati ya kazi, kichwa huachwa wazi mahali kilipofika. Vivyo hivyo, mtu anayezima printa kwa kubonyeza swichi ya ukutani kabla kichwa hakijatulia hukiacha bila kifuniko usiku kucha. Katika maeneo ambayo stima hupotea mara kwa mara, hiki ni chanzo kikubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Vumbi ni chanzo kingine. Duka lililo kando ya barabara isiyo na lami, karibu na kinu cha kusaga mahindi, au jirani na wachongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka, hupokea unga laini mchana kutwa. Unga huo hunata kwenye kifutio cha mpira kinachopangusa kichwa, na kila kinapopita hupaka vitundu uchafu badala ya kuvisafisha.

Aidha, kuna usafiri. Printa ya matangi inayobebwa kwa bodaboda ikiwa imelala ubavu huweza kumwaga wino ndani na kuingiza hewa katika mirija. Baadhi ya aina huwa na kufuli ya usafiri inayofunga mirija. Mwenyewe akisahau kuifungua baada ya kufika, wino hautapita hata kidogo, na kosa litahesabiwa kuwa la kichwa.

Kupima kabla ya kutibu

Hatua ya kwanza ni kuchapisha karatasi ya kupima vitundu. Amri yake hupatikana katika sehemu ya matengenezo ya programu ya printa iliyomo kwenye tarakilishi. Katika aina kama Epson L3110, kipimo hicho hutolewa pia bila tarakilishi kwa kushikilia kitufe cha kusitisha kazi wakati wa kuiwasha.

Karatasi itakayotoka huwa na michoro ya mistari kwa kila rangi, nayo husomwa hivi:

Mistari ikikatika mahali pale pale kila kipimo kinaporudiwa, wino umekauka katika vitundu hivyo.

Mapengo yakihamahama, leo hapa kesho pale, tatizo huenda ni hewa iliyoingia katika mirija. Dawa yake ni kuiacha printa itulie, wala si kuilowesha.

Rangi nzima ikitoweka kwa ghafla, sharti kwanza kukaguliwa kiwango cha wino, tundu la hewa la katriji au tangi, utepe wa plastiki uliosahaulika juu ya katriji mpya, na ile kufuli ya usafiri.

Ikiwa kipimo ni kamili lakini chapa ni mbaya, kichwa hakina kosa. Karatasi iliyonyonya unyevu, jambo la kawaida wakati wa masika Kisii, husambaza wino na kufanya maandishi yaonekane kama yenye manyoya. Mpangilio usiofaa wa aina ya karatasi pia huleta dosari.

Picha yenyewe hutoa dalili. Uso wa mtu ukiwa wa kijani, wino wa waridi ndio unaokosekana. Ukiwa mwekundu kupita kiasi, wino wa samawati umepungua. Ukiwa na rangi ya zambarau iliyopauka, wino wa manjano hautoki.

Printa ijisafishe kwanza

Kila printa ya wino ina amri ya kusafisha kichwa. Inapotolewa, pampu ndogo huvuta wino kwa nguvu kupitia vitundu, kisha kifutio hupangusa uso wa kichwa.

Amri hiyo itolewe mara moja, kisha kipimo cha vitundu kirudiwe. Kukiwa na nafuu, irudiwe tena. Baada ya mara tatu bila mafanikio, printa inafaa kuzimwa na kuachwa kwa muda wa saa 12 hivi. Mapumziko hayo si ya bure, kwani wino mpya uliovutwa hupata muda wa kulainisha ule uliokauka, na viputo vya hewa hupata nafasi ya kupanda juu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa pupa ya kumaliza kazi ya mteja, mtu hutoa amri ya kusafisha mara kumi mfululizo. Kila mara wino hunyonywa na kumwagwa katika sifongo iliyo chini ya mashine. Sifongo hiyo ina kiwango chake, na printa huhesabu. Hesabu ikitimia, mashine hukataa kufanya kazi mpaka sifongo ishughulikiwe.

Aina nyingi za matangi huwa pia na usafishaji mkubwa unaobadilisha wino wote uliomo katika mirija. Huo ni wa mwisho kabisa. Unakula wino mwingi, na ukifanywa tangi likiwa karibu kuisha, hewa itaingia katika mirija na tatizo litaongezeka. Tangi linafaa kuwa na angalau thuluthi moja ya wino.

Maji ya kutumia

Ikiwa printa imeshindwa kujisafisha, inabidi kutumia maji. Lakini si maji yoyote. Maji ya mfereji, ya kisima au ya chemchemi huwa na chumvi na madini, ambayo yakikauka huacha ukoko wake mwenyewe ndani ya vitundu. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwa paa la mabati huwa na vumbi na kutu.

Yanayofaa ni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena. Hayo ndiyo madereva huongeza katika betri za magari, nayo hupatikana katika vituo vya petroli na maduka ya vipuri.

Mnunuzi awe mwangalifu kusoma kibandiko, kwa kuwa maduka hayo hayo huuza asidi ya betri katika chupa zinazofanana. Asidi huchoma ngozi na macho, na huharibu kichwa papo hapo.

Maji yapashwe moto kiasi cha kuhisiwa vuguvugu mkononi, yasichemke. Wino wa rangi iliyoyeyuka, kama ule wa printa nyingi ndogo za Epson za matangi, hulainika kwa maji hayo bila ubishi mwingi. Wino mweusi wa chembechembe, unaotumiwa na katriji nyingi za HP na Canon, huwa mkaidi zaidi na unaweza kuhitaji kioevu maalumu cha kusafishia kichwa kinachouzwa na wauzaji wa wino.

Katriji yenye kichwa chake

Kazi hii ni rahisi. Gazeti kuukuu hutandikwa mezani na glavu za mpira huvaliwa, kwani wino hautoki kwenye vidole kwa siku kadhaa.

Katriji hutolewa ndani ya printa na kugeuzwa. Chini yake kuna kibamba chenye safu za vitundu, na ubavuni kuna vijidoa vya shaba vinavyopokea umeme. Vijidoa hivyo visiguswe kwa vidole wala kuloweshwa.

Karatasi laini isiyoacha nyuzi hukunjwa mara kadhaa, ikaloweshwa kwa maji vuguvugu, kisha katriji ikasimamishwa juu yake vitundu vikitazama chini kwa dakika mbili au tatu. Alama ya wino ikijitokeza ikiwa pana na kamili, kitundu kimeanza kupumua. Katriji ya rangi inafaa kuacha mistari mitatu, kila mmoja na rangi yake.

Alama ikikosekana, katriji huwekwa ndani ya kisahani chenye maji vuguvugu yenye kina cha milimita mbili au tatu, yaani kiasi cha kugusa vitundu peke yake. Dakika kumi zinatosha. Baadaye hukaushwa kwa kuguswaguswa na karatasi kavu, bila kusuguliwa.

Kabla ya kuirudisha, ihakikishwe kwamba vijidoa vya shaba ni vikavu kabisa. Unyevu mahali hapo huweza kuunguza katriji, na hata bodi ya umeme ya printa.

Kichwa kilichofungwa ndani

Printa ya matangi huhitaji mkono mwepesi. Ikiwa bado ina dhamana ya muuzaji, inafaa kupelekwa kwake badala ya kujaribiwa nyumbani.

Ikiwa dhamana imekwisha, kazi ya kuchapisha huanzishwa, na kichwa kinapofika katikati, waya wa umeme huchomolewa. Kwa njia hiyo kichwa huwa hakijafungwa na huweza kusogezwa kwa kidole. Kikikataa kusogea, kimejifunga katika kituo chake, na kamwe kisilazimishwe. Inafaa kurudia upya.

Kipande cha karatasi laini hukunjwa kikawa kirefu na chembamba, upana wake ukilingana na ule wa kichwa. Huloweshwa kwa maji yaliyokenekwa au kioevu cha kusafishia, kikawa majimaji bila kudondoka. Kisha huwekwa katika njia ya kichwa, nacho kichwa hurudishwa polepole juu yake.

Printa huachwa hivyo kwa saa kadhaa, au usiku kucha ikiwa iliziba kwa muda mrefu, huku kipande kikiangaliwa kisikauke. Ukanda wa plastiki unaosomwa na kichwa, ambao hunyoshwa kutoka upande mmoja wa mashine hadi mwingine, usiguswe. Tone moja la wino au alama ya kidole juu yake hukifanya kichwa kipotee njia na kugonga ukuta.

Wakati kichwa kimeondoka kwenye kituo chake, ni fursa nzuri ya kukisafisha kituo chenyewe. Matone machache ya maji yaliyokenekwa hutiwa ndani ya kifuniko cha mpira, yakaachwa kwa dakika kumi. Kingo za mpira na kile kifutio hupanguswa kwa kitambaa laini kilicholoweshwa. Kingo hizo zikiwa na ukoko, pampu hunyonya hewa badala ya wino, na hakuna usafishaji utakaofaulu.

Hatimaye kipande cha karatasi huondolewa, waya hurudishwa, na printa huwashwa. Kipimo cha vitundu hufuatwa na amri moja tu ya kusafisha. Iwapo mistari imeongezeka hata kidogo, kuna tumaini, na zoezi linaweza kurudiwa kesho yake.

Canon nayo hutengeneza printa za matangi zinazotumia njia ya joto. Kichwa cha baadhi yazo huwekwa na mtumiaji siku ya kwanza, lakini hakikusudiwi kutolewa mara kwa mara. Usafi wake unafaa kuanza kwa amri za mashine, na kuendelea na maji iwapo tu zimeshindwa.

Mambo ya kuepuka

Sindano, pini na kijiti cha meno haviingii katika kitundu chembamba kuliko unywele. Vinachofanya ni kukwaruza kibamba na kuharibu vitundu vilivyokuwa vizima.

Thina, asetoni, petroli na mafuta ya taa huyeyusha gundi na plastiki zilizoshikilia kichwa. Dawa ya kutakasa mikono, ambayo ilijaa katika ofisi nyingi tangu mwaka wa 2020, haifai pia, kwani ile ya jeli huwa na viungo vya kuifanya nzito ambavyo hubaki na kuziba zaidi.

Bomba la sindano limezoeleka miongoni mwa mafundi kwa kusukuma kioevu ndani ya kichwa. Likitumiwa kwa nguvu, hupasua utando mwembamba ulio ndani, rangi zikachanganyika na kichwa kikawa hakifai tena. Kupuliza kwa mdomo nako huingiza hewa na mate.

Kosa jingine ni kuendelea kuchapisha kwa katriji isiyotoa wino. Katika njia ya joto, wino ndio unaopoza kipingamkondo. Kikiwashwa kikiwa kikavu, huungua, na hapo kichwa huwa kimekufa kikweli.

Wakati wa kukubali

Usafishaji wa siku tatu au nne usipobadilisha hata mstari mmoja katika karatasi ya kipimo, huenda kosa ni la umeme. Maji hayawezi kutengeneza kipingamkondo kilichoungua wala kibamba kilichopasuka.

Kwa printa ya katriji, gharama ni ya katriji mpya peke yake. Kwa printa ya matangi, mwenyewe atalazimika kulinganisha bei ya kichwa na ujira wa fundi kwa upande mmoja, na bei ya mashine mpya kwa upande mwingine. Ni busara kumwomba fundi aonyeshe karatasi ya kipimo kabla na baada ya kazi yake, ili malipo yafuate matokeo.

Mtu anayechapisha mara chache kwa mwezi, tena maandishi meusi pekee, huenda akafaidika zaidi na printa ya leza. Hiyo hutumia unga badala ya wino, na unga haukauki hata ukikaa mwaka mzima. Mashine iliyoshindikana isitupwe shambani wala kuchomwa, bali ipelekwe kwa wanaonunua vipuri au wakusanyaji wa taka za elektroniki.

Kinga

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukurasa mmoja wenye rangi zote nne, ukichapishwa kila wiki, hugharimu wino kidogo kuliko usafishaji mmoja. Shule inayofunga kwa likizo inaweza kumwachia jukumu hilo karani au mlinzi aliyeonyeshwa kitufe cha kubonyeza.

Printa izimwe kwa kitufe chake, na mwenyewe angoje mpaka taa izime na sauti ya kichwa ikome kabla ya kugusa swichi ya ukutani. Stima ikipotea katikati ya kazi, mashine iwashwe mara inaporejea, ili kichwa kirudi katika kifuniko chake, kisha izimwe ipasavyo. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache hutosha kumpa mtu nafasi hiyo.

Kitambaa safi kifunike mashine usiku, hasa penye vumbi. Wino uwe ule uliokusudiwa kwa aina hiyo ya printa, na chupa zifungwe vizuri baada ya kujaza. Kuchanganya wino wa aina mbili katika tangi moja huweza kuugandisha.

Kwa mwenye duka, karatasi ya kipimo ikichapishwa kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza kuingia humwambia iwapo anaweza kupokea kazi ya siku hiyo. Ikionyesha mapengo, bado atakuwa na muda wa kuisafisha printa, au kuituma kazi ya rangi kwa duka jirani, kabla ya kupokea pesa za watu wanaokwenda kuzika kesho yake.